Kitabu cha Medali cha Mama Edda

Kwa miaka thelathini na miwili Conjesta Gwandu amechonga mihuri pale Bagara, na katika muda wote huo ni wachache waliopata cheo mjini Babati bila kupita mikononi mwake. Mtu anaweza kuchaguliwa Jumapili na kuapishwa Jumatatu, lakini mpaka Mama Edda, kama watu wanavyomwita, amalize kumchongea muhuri, barua zake ni karatasi tu. Amewachongea wenyeviti wa mitaa, makatibu wa kwaya, waweka hazina wa vikoba, na mzee mmoja wa Nakwa aliyekuwa mwenyekiti wa chama chenye mwanachama mmoja. Huyo ndiye aliyetaka muhuri mkubwa kuliko wote.

Pembeni ya mihuri anatengeneza vikombe na medali. Kazi hiyo ilikuwa ndogo zamani, wakati medali ilipatikana kwa kukimbia. Siku hizi mtoto wa chekechea anahitimu kwa joho na medali, na asiyelia jukwaani anaongezewa kikombe. Kila semina ina vyeti, kila kamati ina nishani, na Mama Edda, mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, anakaa nyuma ya meza yake akichonga majina ya watu waliofanya kazi waliyoajiriwa kuifanya.

Michoro ya medali hizo aliitoa kwenye kitabu kimoja kikubwa, cha jalada la ngozi, kizito kama tofali la kuchoma. Ndani yake zilikuwamo picha za medali za wafalme na majemadari wa Ulaya, zimechorwa kwa wino mweusi, kila unywele na kila jani mahali pake. Mteja alikuwa anafunua, anaonyesha kwa kidole, na Mama Edda anachonga akibadilisha mambo madogo: tai akawa kanga, ngome ikawa ghala la mahindi. Kuna kikundi cha ufugaji kuku Nangara ambacho mpaka leo kina kikombe chenye nembo ya ukoo wa kifalme, nao hawana habari.

Kitabu kilikuwa cha marehemu baba yake. Mzee Theodori Gwandu alikuwa mpishi wa misheni moja nje ya mji, akimpikia Padri Wolfgang, Mjerumani mwenye ndevu aliyependa jibini kuliko alivyopenda kuhubiri. Padri alipozeeka na kurudishwa kwao mwaka 1974, alimpa mpishi wake vitu viwili: sufuria ya shaba na kitabu hicho. Sufuria ilitoboka. Kitabu kikabaki.

Kwenye karatasi ya ndani ya jalada yaliandikwa majina ya watu waliowahi kukimiliki, kila mmoja kwa mwandiko wake. Mama Edda aliwahi kumpelekea Nestory amsomee. Nestory ni jirani yake mwenye duka la dawa za mifugo, mtu aliyesoma seminari miaka saba kabla hajagundua kwamba anapenda ng'ombe kuliko teolojia. Kilatini alikuwa nacho bado, na Kijerumani kidogo alichokiokota kwa mapadri.

Wa kwanza, mwaka 1743, alikuwa mshauri wa mahakama fulani. Aliandika: "Nimenunua kitabu hiki ili nijue medali ninazostahili." Chini yake, mwaka 1790, ulikuwa mwandiko wa mwanamke: "Marehemu mume wangu alikipenda kitabu hiki kuliko alivyonipenda mimi. Nakiuza." Wa tatu alikuwa daktari, 1838: "Nilipewa na mgonjwa badala ya malipo. Mgonjwa amekufa. Kitabu ni kizima." Wa nne alikuwa mwalimu, mjomba wa padri, mwaka 1936: "Kwa mpwa wangu Wolfgang anayekwenda Afrika, asije akasahau kwamba sifa za dunia ni shaba tu."

Wa mwisho hakuhitaji mkalimani. Kwa penseli, kwa herufi kubwa za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani, iliandikwa: "Theodori Gwandu, mpishi. Nimepewa na Padri 1974. Kinafaa kukandamizia jibini."

Mambo yangeishia hapo kama Dokta Evelyne asingekuja kumsalimia mama mkwe wake huko Nangara. Dokta Evelyne anatunza vitabu vya kale katika maktaba ya chuo kimoja Dar es Salaam. Mama mkwe, ambaye ni katibu wa kikoba, alimtuma mjini akachukue muhuri mpya wa kikundi. Akaingia dukani, akaamkia, kisha macho yake yakatua mezani, kwenye kitabu kilichokuwa wazi huku kikombe cha chai kimewekwa pembezoni mwa ukurasa.

"Mama," alisema taratibu, kama mtu aliyeona nyoka kitandani mwa mtoto, "naomba uinue hicho kikombe."

Mama Edda aliinua. Dokta Evelyne akafuta mikono yake kwenye sketi, akaketi bila kukaribishwa, akafunua kitabu ukurasa mmoja mmoja kwa muda wa saa nzima. Alipofika kwenye majina alicheka, kisha akatoa leso.

"Unajua una kitu gani hapa?"

"Kitabu cha baba."

"Nakala za kitabu hiki zilizosalia duniani ni chache, na nyingi zimechanwa picha zikauzwa mojamoja. Hii ina picha zote. Lakini hata hilo si kitu. Vitabu vingine vina picha, mama. Hiki kina watu. Mshauri, mjane, daktari, mwalimu, padri, mpishi. Hao ndio wanaokifanya kiwe cha pekee."

Mama Edda aliuliza kama afadhali aache kukitumia. Dokta Evelyne alisema afadhali aache kunywea chai juu yake. Wakakubaliana kwamba angerudi na vifaa vya kukipiga picha vizuri, na kwamba kwa sasa jambo hilo libaki kati yao wawili. Kwa bahati mbaya alimsimulia mama mkwe wakati wa chakula cha mchana, na siku hiyo ilikuwa siku ya kikao cha kikoba. Kufikia saa kumi jioni Bagara nzima ilikuwa inajua kwamba Mama Edda ana kitabu cha dhahabu.

Asubuhi yake akaja mwenyekiti wa mtaa. Konstantini, baba yake Sarah, ni mtu mnene, mchangamfu, anayevaa koti hata jua la mchana likiwaka. Si mtu mbaya. Amewahi kubeba mgonjwa mgongoni wakati wa mafuriko, na tangu siku hiyo hajaacha kuitaja habari hiyo kwenye mkutano wowote, hata ule wa kugawa mbegu za maharage.

"Mama Edda, nimesikia habari. Hicho kitabu ni mali ya wananchi."

"Wananchi gani, Baba Sarah?"

"Wa mtaa huu."

"Kilipochapwa, mtaa huu ulikuwa pori."

"Ndiyo maana nasema ni cha wananchi. Pori halina mwenyewe."

Mama Edda alimtazama juu ya miwani, akaendelea kukwangua mpira wa muhuri. Konstantini aliona ukimya huo ni ridhaa, akaenda kuunda kamati.

Kamati ya Kuenzi Kitabu ilikuwa na wajumbe kumi na mmoja. Kikao cha kwanza kilichagua mwenyekiti, naye akawa Konstantini. Kikao cha pili kilijadili rangi ya fulana na kuvunjika kwa sababu ya zambarau. Kikao cha tatu ndicho kilichouliza kama kuna mjumbe aliyewahi kukisoma kitabu chenyewe. Hakuna aliyenyoosha mkono, isipokuwa Nestory, ambaye sasa alianza kujiita mfasiri mkuu na kuacha duka la dawa likijiendesha lenyewe.

Kisha wakaanza kujitokeza wamiliki. Mzee Amos wa Nakwa, mmoja wa wajumbe, alisema babu yake ndiye aliyembebea Padri Wolfgang mizigo, hivyo kitabu kilikaa kichwani kwa babu yake kabla hakijafika mezani kwa Theodori. Mama mmoja alisema shangazi yake ndiye aliyekuwa akikamua ng'ombe wa misheni, na bila maziwa kusingekuwa na jibini, na bila jibini kitabu kisingekuwa na kazi. Kamati ilisikiliza hoja zote, ikaziona zina uzito, ikatoa azimio: kwa kuwa thamani ya kitabu ni majina ya watu, na kwa kuwa jina la mwisho ni la mpishi, thamani hiyo iongezwe kwa kuandika majina ya waheshimiwa kumi na mmoja, kila moja na muhuri wake, siku ya sherehe, mbele ya mgeni rasmi.

Mama Edda alipoletewa azimio hilo alimpigia simu Dokta Evelyne.

"Mama, nakuomba," alisema Dokta Evelyne. "Kalamu isiguse kitabu hicho. Muhuri ndiyo kabisa."

"Mihuri yenyewe nimeichonga mimi," alisema Mama Edda, na kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na miwili alijuta kwamba anatumia wino usiofutika.

Angeweza kufunga duka na kwenda kwa binti yake Edda, ambaye ni muuguzi Magugu. Edda mwenyewe alimshauri hivyo. Lakini Mama Edda aliwafahamu watu wake. Aliwajua kwa herufi zao. Alijua kwamba mtu anayetaka jina lake lionekane hawezi kuzuiwa, ila anaweza kuonyeshwa mahali pengine pa kuliandika.

Wakati huohuo kamati ilimwagiza atengeneze medali kumi na moja za utunzaji wa kitabu ambacho hawakuwahi kukitunza. Konstantini alikuja mwenyewe kuchagua mchoro wa yake. Alifunua kurasa akiguna, mpaka akafika kwenye medali ya jemadari mmoja juu ya farasi, upanga mkononi, maneno ya Kilatini yamezunguka ukingo wote.

"Hii. Uso uwe wangu. Nywele uongeze kidogo."

"Na haya maneno?"

"Yaache. Yanapendeza."

"Baba Sarah, muulize kwanza Nestory maana yake."

"Mama Edda, maana ya medali ni kung'aa."

Alipoondoka, Mama Edda alikwenda kumuuliza Nestory mwenyewe. Nestory alisoma maelezo ya chini ya picha, akasoma tena, akaketi juu ya gunia la chumvi ya ng'ombe. Medali ile haikuwa ya sifa. Ilitengenezwa na maadui wa jemadari huyo, kumdhihaki kwa sababu alikimbia vita kabla havijaanza. Maneno yalisema: "Mwepesi kuliko farasi wake."

"Tumwambie?" aliuliza Nestory.

"Nimemwambia akuulize."

Konstantini hakumuuliza. Nestory naye hakumwendea, kwa kuwa alikuwa mjumbe wa kamati na hakutaka rangi ya zambarau ijadiliwe tena. Medali ikachongwa kama ilivyoagizwa, pamoja na nywele.

Siku ya sherehe turubai lilifungwa mbele ya ofisi ya mtaa. Kwaya iliimba, mgeni rasmi akachelewa, kwaya ikaimba tena. Mgeni rasmi alikuwa mkubwa fulani kutoka mkoani, mwenye haraka ya kwenda kwenye sherehe nyingine ya aina hiyohiyo. Dokta Evelyne alikuwa ameketi mstari wa mbele, mikono ameibana katikati ya magoti. Wajumbe walivaa fulana za bluu na medali shingoni, isipokuwa Mzee Amos, ambaye ya kwake aliifunga kwenye kofia ili ionekane kwa mbali.

Kitabu kililetwa juu ya mto wa kochi, kimefunikwa kitenge. Mama Edda mwenyewe ndiye aliyekibeba. Alikiweka mezani, akaketi karibu nacho kama mama aliyempeleka mtoto kuchanjwa.

Mgeni rasmi alivutiwa na medali ya Konstantini. Aliishika, akaigeuza.

"Maneno haya ya Kilatini yanasemaje?"

Konstantini alimtazama Nestory. Nestory alitazama viatu vyake. Ndipo Konstantini akasema kwa sauti ya kujiamini, "Mtaalamu wetu kutoka chuo kikuu atatueleza."

Dokta Evelyne alisimama. Alisoma. Watu walioketi karibu naye waliona akiuma mdomo.

"Yanasema," alianza, akatafuta njia, asiione, "yanasema kwamba mwenye medali hii ni mwepesi kuliko farasi wake."

Makofi yakalipuka. Akina mama wakapiga vigelegele. Mgeni rasmi alimshika Konstantini mkono, akasema kipaza sauti kikiwa wazi kwamba nchi hii inahitaji watumishi wepesi kama huyu, wasiosubiri farasi. Konstantini alifuta jasho na machozi kwa pamoja, akasimulia habari ya mgonjwa wa mafuriko.

Kisha likafika zoezi la majina. Konstantini alichomoa kalamu ya wino mzito kutoka mfuko wa koti, akafunua jalada, na kalamu yake ikashuka moja kwa moja kwenye nafasi iliyobaki chini ya maandishi ya penseli. Mama Edda aliweka kiganja chake juu ya karatasi. Chini ya kiganja hicho kulikuwa na herufi za baba yake, zile kubwa, zilizopinda. Alikumbuka jinsi mzee alivyolamba ncha ya penseli kabla ya kila neno. Lakini sauti ilipotoka ilikuwa ya dukani.

"Siyo hapo, Baba Sarah. Huo ni ukurasa wa wapishi."

"Wa wapishi?"

"Wa waheshimiwa ni huu."

Akafunua. Mwanzoni mwa kitabu, imeshikizwa kwa uzi mwembamba, ilikuwapo karatasi nene, nyeupe, aliyoipamba kwa mikono yake juma zima: majani pembeni, bendera juu, na mistari kumi na mmoja iliyopigwa kwa rula. Konstantini aliitazama karatasi ile nzuri, akaitazama ile iliyochakaa yenye madoa, akacheka kwa furaha.

"Kweli, pale wangetuchanganya na wapishi."

Wakaandika wote kumi na mmoja. Kila mmoja akagonga muhuri, na Konstantini akagonga mara mbili. Karatasi ilikuwa nene kiasi kwamba wino haukupenya. Dokta Evelyne alihesabu mihuri kwa midomo bila sauti, na ilipokwisha alipumua kama aliyetoka majini.

Sherehe ilipomalizika, Mama Edda alimwambia mwenyekiti kwamba ukurasa wenye majina makubwa namna ile haufai kufungiwa gizani ndani ya kitabu, ambako hauonekani mpaka mtu afunue. Konstantini alishangaa kwamba wazo hilo halikumjia yeye. Uzi ukavutwa, karatasi ikatoka, ikawekwa kwenye fremu na kutundikwa ofisini, juu ya kiti chake.

Siku iliyofuata Dokta Evelyne alikuja dukani na kamera na taa zake, wakafanya kazi mpaka mchana. Alipofika kwenye orodha ya majina alisita.

"Mzee alifariki lini?"

"Tisini na nane."

"Mbona wewe hujaandika? Kitabu kimekuwa chako miaka yote hii."

"Mimi si mkusanyaji. Nimekitumia tu."

"Baba yako alikandamizia jibini, mama."

Ukweli ni kwamba Mama Edda alishawahi kuishika kalamu mara kadhaa tangu msiba, na kila mara aliirudisha. Yeye aliyeandika majina ya mji mzima kwenye shaba, mpira na plastiki hakuwahi kuandika la kwake popote, hata kwenye kibao cha dukani, ambacho kinasema tu MIHURI. Aliona aibu. Aliwaona wateja wake, akajiuliza yeye ana tofauti gani nao.

"Wao walitaka waonekane," alisema Dokta Evelyne, kana kwamba amemsikia. "Wewe unaandika kuonyesha kilikaa wapi."

Mama Edda alichonga penseli kwa kijiwembe. Akaandika polepole, chini ya baba yake: "Conjesta Gwandu, fundi mihuri, Babati. Nilikikinga na mihuri." Alipomaliza alivua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

Dokta Evelyne aliomba kitabu kiende maktaba. Mama Edda alikataa, kisha akasema kitakwenda siku atakapokuwa hawezi tena kukinyanyua, na kwamba kwa uzito wake siku hiyo haiko mbali. Sasa kinalala kabatini kwake, ndani ya kitenge. Michoro anatoa kwenye nakala za picha.

Miezi michache baadaye chuo kilichapisha maelezo ya kitabu, na majina ya wamiliki wote saba kwa mpangilio, wa sita akiwa mpishi na wa saba fundi mihuri. Maelezo yalizunguka kwenye simu za watu mpaka yakamfikia Konstantini. Alikuja dukani na medali shingoni, maana tangu siku ile alikuwa akigombea udiwani na kila bajaji ya Bagara ilikuwa na kibandiko chenye picha yake na maneno "MWEPESI KULIKO FARASI". Siku hizo Nestory, aliyejua maana ya maneno hayo, alikuwa ameanza kupita njia ya nyuma asikutane na mwenyekiti.

"Mama Edda, nimesoma. Jina langu halimo."

"Lako liko ofisini kwako, Baba Sarah. Ukutani."

Konstantini aliipapasa medali.

"Ukutani linaonekana zaidi," alikubali.

"Zaidi sana."

"Basi kuna jambo jingine. Watu wanakuja pale ofisini, wanaona ukurasa, nao wanataka kuandika. Mwalimu mkuu anataka. Mwenye mashine ya kusaga anataka. Nafasi imekwisha. Naomba unitengenezee karatasi ya pili, yenye bendera vilevile."

"Mistari mingapi?"

"Weka hamsini," alisema Konstantini. "Na wa juu kabisa uache wazi. Nitaandika tena."

Mama Edda alivuta rula, akapima, akaanza kukata.